Kopo la Babu na Cheche za Gurdev

Great Barr, Birmingham
5 Machi 2006

Ronny,

Mimi nyanya yako ni mzima, ila magoti. Natumaini nawe ni mzima, na kama una kikohozi ni kwa sababu hufungi jaketi, kwa hiyo usitafute pole kwangu. Wasalimie baba na mama yako. Mwambie baba yako ameniandikia mara moja tu tangu nije huku, na barua yenyewe ilikuwa fupi kuliko orodha ya sokoni. Shangazi yako Moraa anakusalimu. Hospitali wanampa zamu za ajabu, yeye akitoka mimi naamka, tunaonana mlangoni kama askari wanaopokezana lindo. Kuku wangu wa kijivu usimchinje. Najua unamtazama.

Sipigi simu kwa sababu ile kadi ya kukwangua inaisha kabla hatujamaliza kuulizana hali. Tena kwenye simu mtu anadanganya haraka. Kwenye karatasi uongo unakaa, nausoma mara mbili.

Sasa sikiliza. Binamu yako Kemunto anaolewa tarehe kumi na mbili Agosti. Kuna kamati. Watu kumi na wanane wanajaa sebuleni kwa Moraa kila Jumapili ya pili, wanakula sambusa zangu na kubishana rangi ya vitambaa. Mwenyekiti ni kijana mmoja Walter, mwenye tai, kila neno lake linaanza na "kwa ufupi" na ufupi wenyewe hatujauona. Jumapili iliyopita wakafika kwenye gari la bibi harusi. Walter anataka limuzini nyeupe, ndefu kama lori la kubebea ng'ombe. Nikasimama. Nikasema, mjukuu wa Fundi Ombati hataenda kanisani kwa gari la kukodi. Ataenda kwa gari la Gurdev, na litawaka. Mimi nimesema.

Walipiga makofi. Neno langu limeandikwa kwenye kitabu cha kamati.

Gurdev ni jirani, nyumba zetu zina ukuta mmoja. Ni Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alihamia huku mwaka sitini na nane na Kiswahili chake kimebaki mwaka huohuo. Alipostaafu kiwandani akanunua gari la Kimarekani la mwaka huo alioondoka Kenya. Ford Mustang, nyekundu, silinda nane, boneti unaweza kuanikia mahindi debe zima. Gari ni zuri. Lakini linakohoa. Nililisikia nikiwa jikoni, tuk-tuk-pwaa, tuk-tuk-pwaa. Nikamwambia Moraa hizo ni pointi. Akasema, "Mama, kunywa chai." Nikavuka ua na malapa yangu, nikamkuta mzee amezama kichwa kwenye injini, kilemba tu ndicho kinaonekana.

"Pointi zako zimeungua," nikamwambia.

Akainuka. "Mama, nani kakwambia?"

"Gari lenyewe."

Nikamfungulia ile kofia nyeusi yenye waya. Vile vidomo viwili vya chuma, vinavyofunguka na kufunga ili cheche iruke, vilikuwa vyeusi kama chungu cha githeri. Nikavisugua kwa ubavu wa kiberiti, nikapima mwanya kwa kadi ya daktari wa meno, kama alivyofanya babu yako miaka yote. Injini ikatulia. Gurdev akanitazama kama ananiona sasa hivi.

Shida ni kwamba amechoka kusugua. Ana vitabu vya matangazo, amevipanga kitandani. Kuna kidude kidogo kama kiberiti kinachokaa mahali pa pointi, na pete ya sumaku inazunguka kando yake. Kuna kingine, kisanduku cha chuma cha kufungwa ubavuni, na koili yake nene kama chupa ya chai. Mimi nasema pointi zibaki. Lakini wewe ndiye tuliyekulipia chuo. Niambie kipi ni kipi.

Na la mwisho. Rafu ya juu kabisa gerejini, nyuma ya mikebe ya rangi, kuna kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo, la babu yako. Mpe yeyote anayekuja harusi aniletee. Usitoe kitu, usiongeze kitu. Nalitaka karibu yangu.

Nyanya yako,
Nyambura wa Ombati


Nakuru
2 Aprili 2006

Shosho mpendwa,

Niaje? Sisi huku tuko poa. Baba anasema ataandika. Mvua imeanza na mbele ya gereji ni tope tupu, wateja wanaruka kama vyura. Kuku wako wa kijivu yuko hai na ana kiburi kama mwenyewe.

Nilisoma habari za Mustang nikacheka peke yangu mpaka watu wakadhani nimeshinda bahati nasibu. Haya, ufundi.

Pointi unazijua kuliko mimi. Uzuri wake, zikisumbua unazitengeneza kando ya barabara na kipande cha msasa. Ubaya, zinagusana, kwa hiyo zinalika. Mwanya unabadilika kidogokidogo, cheche inachelewa, na baridi ya huko ikiongezeka unazungusha stata mpaka betri inalia.

Kile kidude chenye pete ya sumaku, tukiite kisumaku, ni kitu kingine. Hakuna kinachogusana na kingine, hakuna cha kusugua. Sumaku ikipita, umeme unakatika, cheche inaruka, palepale kila mara, leo na mwaka kesho. Ila hakitoi onyo. Pointi hukohoa wiki nzima kabla hazijafa. Kisumaku hufa kimya.

Kisanduku ni cha watu wa mashindano. Injini ikienda polepole kinapiga cheche kadhaa mahali pa moja, nguvu tele. Lakini kina waya nyingi, na kila waya ni mahali pengine pa kukosea.

Kura yangu: kisumaku. Gari la Jumapili na la kubeba bibi harusi halihitaji zaidi. Ila mambo mawili. Kwanza, kinataka umeme kamili wa betri. Ule waya wa zamani unaopunguza umeme kwa ajili ya pointi msikiunganishe nao. Pili, na Shosho hapa vaa miwani: USIACHE UFUNGUO UMEWASHWA INJINI IKIWA IMEZIMA. Kidude kinapata joto, muda si muda kinaungua. Ile njia ya Babu ya kutafuta taimingi, saa ya cheche kuruka, kwa balbu, ufunguo umewashwa na injini imelala, kwa pointi ni sawa. Kwa kisumaku ni kifo. Tumieni taa ya kupimia injini ikiwa inazunguka.

Mjukuu wako,
Ronny


Great Barr
23 Aprili 2006

Ronny,

Sijui kama una mikono. Wiki saba, hata salamu. Nilinunua kadi nikapiga, yule mwanamke wa ndani ya simu akaniambia wewe ni mteja na hupatikani. Mwambie kama mimi nakupata kwa shida, yeye asijisumbue.

Tuko wazima. Moraa amekonda kwa sababu ya kamati. Kemunto amejaribu magauni manne na kulia kwa matatu. Baridi ya huku haina adabu, inaingia kwenye mifupa bila kubisha hodi.

Kwa kuwa mwenye chuo amenyamaza, tumejiamulia. Kwanza tulizipa pointi mtihani wa haki. Niliweka mpya, nikapima mwanya, asubuhi ya umande Gurdev akawasha. Mara ya kwanza, hapana. Ya pili, likasema neno moja likanyamaza. Ya tatu likawaka, likanguruma mpaka paka wa mtaa mzima wakahama. Mimi nasema mara tatu si mbaya kwa mzee wa miaka thelathini na minane. Gurdev anasema bibi harusi hawezi kukaa ndani na gauni lake akihesabu mpaka tatu. Hapo amenishinda.

Basi amenunua kile kidude cha sumaku. Kimefika kwa posta kwenye boksi dogo, nilidhani ni pipi. Jumamosi tunakifunga. Yeye atafunga waya, taimingi nitatafuta mimi. Nimeshuka Alum Rock kwa basi mbili, kwa Jaffar anayeuza kila kitu kuanzia udi hadi mabomba, nikapata balbu na waya mbili. Ile ya babu yako kabisa. Nitawasha ufunguo, nitazungusha taratibu, balbu ikiwaka nimefika. Gurdev na vitabu vyake vya matangazo atajifunza kitu.

Kopo liko wapi?

Nyanya yako


Great Barr
7 Mei 2006

Mpendwa mjukuu wangu Ronny,

Salamu nyingi sana. Natumaini hujambo kabisa. Hapa hatujambo. Jua limetoka siku mbili, Moraa ameanika mablanketi. Sukumawiki niliyopanda kwenye ndoo imeshika. Kemunto amepata gauni. Kamati imeafikiana rangi, ni ya zambarau. Nimeanza kumpelekea Gurdev chapati siku za Jumanne, maskini mzee hana mtu wa kumpikia, watoto wake wako mbali.

Gari linapumzika.

Swali dogo tu, si la maana. Hivi vidude vya sumaku, vikiwa vipya, huwa vinanuka? Kama plastiki ya sufuria iliyosahaulika motoni? Nauliza kwa niaba ya mtu.

Akubariki Mungu.

Nyanya


Nakuru
28 Mei 2006

Shosho,

Nilipoona "mpendwa mjukuu wangu" nikajua kuna maiti.

Kisumaku hakinuki. Kikinuka kimekufa. Nani aliacha ufunguo? Usiniambie "mtu." Mtu huyo ana malapa?

Nilikuandikia tarehe mbili Aprili, kwa herufi kubwa. Barua hukupata?

Kuhusu kopo, tutaongea.

Ronny


Great Barr
18 Juni 2006

Wewe Ronny,

Kwanza, "Shosho" ni jina la kuniitia mbele ya moto wa jikoni. Kwenye karatasi mimi ni Nyanya. Na nani amekufundisha kuanza barua bila kuuliza hali? Magoti yangu mabaya, asante. Baba yako hujambo? Mama yako? Kama hutasema, nitajua kwa uwezo wa Mungu.

Pili, barua yako nimeipata. Imefika tarehe nane Mei. Ndani umeandika tarehe mbili Aprili, lakini stempu ya posta ya Nakuru inasema ishirini na sita. Mimi sikusoma sana lakini namba nazijua. Barua yenye onyo kubwa hivyo ilikaa mfukoni mwako siku ishirini na nne. Ilikuwa inafanya nini humo? Inaatamia mayai?

Sasa nitakwambia, na nikikwambia ndiyo nimekwambia, usinirudishie kila barua.

Siku ile Gurdev alikifunga vizuri. Akaingia ndani kubadilisha shati kwa sababu ya grisi. Nikabaki mimi. Nikafunga balbu, nikawasha ufunguo, nikaanza kuzungusha. Balbu haikuwaka. Nikazungusha tena. Nikasema labda macho. Hapo Kemunto akanitokea mlangoni na gauni la tano, analia. Nikaenda. Gauni lilikuwa zuri, nililisifu kifungo kwa kifungo. Niliporudi Gurdev yuko kwenye boneti ananusa hewa kama anatafuta mahali nyama inachomwa.

Nikasema, "Siku hizi vitu vya dukani havina uhakika."

Ndiyo, nilisema hivyo. Naye akasema, "Ndiyo Mama, hii labda ilikuwa mbovu tu." Akakifungua akakiweka kwenye droo. Ufunguo nilikuwa nimeshauzima, kichwa chake kikiwa bado kwenye boneti.

Tukarudisha pointi. Halafu rafiki yake Harjit, yule wa klabu yao ya magari ya zamani, akamwazima kisanduku. Wakahangaika nacho Jumapili nzima. Waya nyekundu, waya nyeupe, waya ya rangi ambayo hata Harjit hakuijua. Lilipowaka, Ronny, nisiseme uongo, lilikuwa tamu. Linanguruma chini kabisa, laini, kama mzee anayecheka moyoni. Lakini jioni likagoma, wakatafuta waya mmoja uliolegea mpaka chai ikapoa mara mbili. Harjit akachukua kisanduku chake akaenda.

Kwa hiyo nimeona vyote vitatu kwa macho yangu. Pointi ni kama mke mzee, anataka umwangalie kila siku lakini akiugua utamsikia. Kisanduku ni kama Walter, nguvu nyingi na maneno mengi. Kisumaku ni mgeni mpole. Hasemi kitu, hataki kitu, siku moja unamkuta amekufa kitandani mwako na majirani wanakuuliza ulimpa nini.

Gurdev ameagiza kisumaku cha pili. Kamati imepata habari kwamba gari linasumbua, na Walter amekodi ile limuzini, "kwa ufupi, kama tahadhari." Itatufuata nyuma ikiwa tupu. Ya kutungoja tufe! Kila nikiingia sebuleni wananitazama kwa huruma. Mimi, Nyambura.

Gurdev hajui. Wala hatajua. Mimi sijawahi kuomba msamaha kwa ajili ya injini na sitaanza na miaka sabini na mmoja. Chapati nampelekea.

Kopo liko wapi?

Nyanya yako


Nakuru
9 Julai 2006

Nyanya,

Hujambo? Magoti je? Baba hajambo, mama hajambo, mimi sijambo kwa nje.

Nimeandika barua hii mara tano. Umesema kwenye karatasi uongo unakaa, basi naandika ukweli nao ukae.

Kopo halipo. Mwezi wa kwanza nilinunua ile mashine ya kompyuta ya kusoma magari ya kisasa, nikahitaji rafu. Nikapanda juu. Nikalifungua kopo nikakuta pointi zilizoungua, plagi iliyokatika pua, vali iliyopinda, kipande cha pistoni chenye tundu. Nyanya, hakukuwa na kitu kizima hata kimoja. Nikadhani ni takataka Babu alisahau kutupa. Nikawapa watu wa vyuma chakavu pamoja na ekzosi nzee.

Barua yako ya Machi ilipofika nikapoteza hamu ya kula. Niliandika jibu siku ileile karibu, lakini nikasema sitalituma mpaka nilipate kopo ili niweke na habari njema. Wiki tatu nilizunguka kila yadi ya chuma Nakuru, nikauliza mpaka wakaniita "Kimbo". Sikulipata. Nikaituma barua bila kulitaja. Kwa hiyo kisumaku cha kwanza tulikiua wawili, wewe kwa ufunguo na mimi kwa posta.

Naomba msamaha. Ni mara yangu ya kwanza kuomba kwa maandishi.

Sasa nisikilize kama fundi, si kama mjukuu. Mwambie Gurdev. Asipojua kilichokiua cha kwanza atakiua cha pili, na safari hii Kemunto atakuwa ndani. Chagua, Nyanya. Ama useme ulikosea, ama neno lako kwa kamati lianguke mbele ya limuzini ya Walter.

Ronny


Great Barr
20 Agosti 2006

Ronny,

Nilikunyamazia wiki tano makusudi. Natumaini ziliuma. Huko hamjambo? Hapa harusi imepita na miguu yangu haijarudi kutoka kwenye densi. Moraa amelala siku mbili. Kemunto na mumewe wameenda kwenye nyumba waliyopanga Selly Oak, karibu na treni, wamezungukwa na wanafunzi wanaopika tambi tupu. Nitapeleka chakula.

Sasa nikwambie siku yenyewe.

Sikumwambia Gurdev. Barua yako niliisoma nikaikunja nikaitia ndani ya Biblia, mahali ambapo sifungui sana. Nikasema nitakuwa ndani ya gari mimi mwenyewe, nitalinda ufunguo kwa macho, hakuna haja ya kusema. Nikavaa kitenge cha zambarau, na kwenye mkoba nikatia pointi, bisibisi, na kadi moja ya mwaliko ya kupimia mwanya.

Gurdev alivaa kilemba cha zambarau. Kamati haikumwomba, alijitolea tu. Kemunto akaingia nyuma, gauni likajaza kiti likamwagika mpaka mbele. Mimi mbele. Watu wote nje, Walter kwenye limuzini yake tupu. Gurdev akazungusha ufunguo.

Mara moja. Mara moja tu, Ronny! Hata nusu hakuzungusha. Likawaka kama lilikuwa linatungoja tangu sitini na nane. Mtaa ukapiga vigelegele, na yule Mwingereza wa nambari kumi na tisa akatoka na kamera.

Tulipopita taa za njia panda ya Scott Arms, Mungu anisamehe, nilitamani likohoe kidogo. Kidogo tu, ili nishuke na bisibisi yangu Walter anione. Halikukohoa. Lilienda kama maji kwenye mfereji.

Tukafika saa tano kamili. Na hapo ndipo mambo. Kamati, kwa kujua watu wetu, iliandika kwenye kadi saa tano ikiwa na maana ya saa sita. Ni sisi tu tuliofika saa tano, na nusu ya kamati iliyotufuata. Kanisani hakuna mtu, bwana harusi hayupo, padri anakula biskuti. Walter akaja dirishani, "Kwa ufupi, tusubiri." Kemunto akaanza kupumua vibaya. Gurdev, mzee mwenye moyo, akazima injini, halafu akarudisha ufunguo ili redio yake iimbe bibi harusi atulie. Redio ile haiimbi mpaka ufunguo ufike mahali pa kuwashia. Akashuka, akaenda kusimama kivulini na Walter na nusu ya kamati.

Nikaitazama ile taa nyekundu ndogo kwenye dashibodi. Ufunguo umewashwa, injini imelala.

Ningeweza kuuzima mwenyewe kimyakimya. Nikanyoosha mkono. Gauni, Ronny! Yadi sita za gauni kati yangu na ufunguo, na kila nikisukuma Kemunto anapiga kelele, "Nyanya, lesi!" Redio inaimba. Pua yangu ikaanza kusikia kitu, sijui cha kweli au cha hofu. Nikaona yote. Bibi na bwana wanatoka kanisani, gari limekufa, wanaingia limuzini ya Walter, na neno langu linabaki pale kwenye lami.

Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele mpaka padri akaacha biskuti. "Gurdev! Ufunguo! Zima ufunguo! Kitaungua kama kile nilichokiunguza mimi!"

Gurdev akaja mbio na kilemba chake, akazima. Akagusa pale chini ya kofia ya waya, akasema kina joto lakini kizima. Kisha akanitazama.

Walter akauliza, "Kama kile ulichokiunguza wewe?"

Nikashuka. Nikajinyoosha kitenge. Nikasema, "Ndiyo, mimi. Kisumaku cha kwanza hakikuwa kibovu. Nilikiacha kwenye moto kwa ujinga wangu, nikasingizia duka, na nimenyamaza tangu Aprili. Gurdev, unisamehe. Na wewe Walter, andika kwenye kitabu chako, kwa ufupi."

Unajua Gurdev alifanya nini? Alifungua kijidroo cha gari akatoa balbu. Balbu yangu, na waya zake mbili.

"Mama," akasema, "hii ilikuwa imening'inia palepale. Mimi najua siku ileile."

"Ulijua! Na ukaniacha nikonde miezi mitatu?"

"Mama, Jumanne ya kwanza unaleta chapati. Jumanne ya pili unaleta chapati. Mimi nikafikiri, nikisema, chapati itakwisha."

Kamati ilicheka mpaka maua yakaanguka. Kemunto alicheka, akaacha kupumua vibaya. Hata mimi, baadaye kidogo.

"Na kama ulijua," nikamwambia, "kwa nini leo umeacha ufunguo?"

"Mama, bibi harusi analia nyuma. Mimi nasahau hata jina langu."

Saa sita bwana harusi akafika, wakafungishwa, wakatoka, Gurdev akazungusha ufunguo. Mara moja. Limuzini ilirudi ilikotoka, tupu kama ilivyokuja.

Sasa kopo. Nilikukasirikia sana. Lakini jioni ya harusi nikafikiri, yule mzee alijua kosa langu akanyamaza ili nisione haya. Mimi nilijua lako nikanyamaza ili uone. Si sawa, na sisemi zaidi ya hapo.

Halikuwa takataka. Kosa langu, sikukwambia. Babu yako kila alichokiharibu kwa mkono wake mwenyewe alikitia humo. Pistoni yenye tundu ni ya gari la mzungu wa Njoro, babu yako alisahau kuangalia oili. Vali ni ya lori la maziwa. Kijana akija kujifunza kazi na kujiona fundi kabla ya wakati, babu yako alimshushia kopo, akamwambia kila kipande. Ndiyo maana hakukuwa na kitu kizima ndani. Miaka arobaini aliniuliza, "Nyambura, chako kiko wapi humu?" Nami nikamjibu, mimi siharibu.

Nunua kopo jipya la Kimbo. Mafuta mpe mama yako. Lioshe, lianike, uliweke mbele ya hiyo kompyuta yako ambapo kila mtu ataliona. Ndani ya kifurushi hiki kuna kitu cheusi kidogo kama kiberiti, bado kinanuka. Gurdev amenipa. Ndicho cha kwanza kuingia, na ni changu.

Cha pili ni chako. Andika kwenye karatasi "kopo la zamani", weka tarehe, uitie.

Nyanya yako,
Nyambura wa Ombati

Tena. Kuku wa kijivu hujamtaja tangu Aprili. Kama ni hivyo ninavyofikiri, tia unyoya.